Leseni Yenye Matundu Mawili

Ofisi ya maji ilikuwa na watu kumi na mmoja, feni tatu, kompyuta sita na mtu mmoja aliyeitwa Bei Tatu. Jina lake la kwenye karatasi ya mshahara lilikuwa jingine, ila hata mkurugenzi alikuwa ameshalisahau. Bei Tatu alikuwa afisa ununuzi. Kazi yake ilikuwa kununua, na sifa yake ilikuwa kutonunua kitu mpaka apate nukuu tatu za bei kutoka maduka matatu, zenye mihuri mitatu. Hapo ndipo alipochagua ya chini, kisha akaenda kwa huyo wa chini kumkamua tena. Aliwahi kuiacha ofisi siku tisa bila karatasi za chooni kwa sababu nukuu ya tatu ilichelewa. Watu waliteseka, lakini bei ilishuka.

Usije ukamdhania mwizi. Senti ya ofisi hakuila hata siku moja. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine: kulipa bei aliyotajiwa kulimuuma kweli kweli, tumboni, na akilipa hivyo usingizi haukuja. Siku ya harusi yake alibishana na mpiga picha kuanzia saa tatu hadi saa tano, na ndiyo maana kwenye picha pekee ya ndoa yao bibi harusi amenuna.

Mezani kwake palikuwa na panchi ya chuma, ile mashine ya kutobolea karatasi ili zikae kwenye faili. Haikuwa na kifuniko cha chini, na ndiyo sababu aliipata kwa nusu bei. Kila alipotoboa, viduara vya karatasi vilimwagika hadi sakafuni, na kila asubuhi mama wa usafi alivifagia huku akinung'unika peke yake. Bei Tatu alimwambia asichukie, kwa kuwa nusu bei ni nusu bei.

Huyo bibi harusi aliyenuna sasa alikuwa muuguzi kwenye mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi. Walikuwa wameishi hivyo miaka tisa. Watoto wawili walikuwa kwa mama yao, na binti yake mdogo alimzoea sana baba wa kwenye simu. Baba mwenyewe alipokuja likizo, mtoto alimtazama kwa pembeni, kama mgeni aliyeleta barua na hajaondoka. Jambo hilo lilimwuma Bei Tatu kuliko bei yoyote, ila hakuwa na mtu wa kumwambia.

Jumatatu moja, saa ya chai, mkewe akapiga simu.

"Baba watoto, kaa chini."

"Nimekaa, mama watoto. Kuna nini?"

"Afisa ununuzi wa ofisi ya maji ya huku amestaafu. Nafasi iko wazi. Meneja wao ameniambia mwenyewe, nilikuwa namfunga bandeji. Makao makuu wamefungua maombi ya uhamisho leo, na mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Anasema ukiomba tu, ni yako. Hakuna mwingine anayeitaka."

Bei Tatu aliweka kikombe cha chai chini. Alikuwa anafurahi. Alikuwa hajafurahi namna hiyo kwa muda mrefu, na mwili wake ulikuwa haujui ufanye nini, basi akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Siku ishirini na tano," alisema. "Hizo ni nyingi, mama watoto. Hesabu niko hapo."

Maombi ya uhamisho yalitumwa kwa kompyuta, na makao makuu waliitambua kompyuta moja tu ya ofisi ile, ya katibu muhtasi. Bei Tatu alikwenda kwake siku ile ile. Akamkuta anaangalia kioo cheusi chenye maandishi meupe: leseni ya mfumo endeshi wa kompyuta hii imekwisha muda.

Fundi kompyuta aliitwa. Alikuwa mama mmoja mpole aliyekuja ofisini Jumanne na Ijumaa, na alizoea kueleza jambo moja mara tatu bila kukunja uso.

"Mfumo endeshi ndio programu inayoiamsha kompyuta na kuitembeza," alisema. "Huu wenu leseni yake imekufa, na makao makuu hawaifungulii mashine isiyo na leseni. Mnaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, mnalipa laki nne, wanawapa namba, mnaiandika hapa. Dakika kumi."

"Laki nne," alisema Bei Tatu.

"Ndiyo, mzee. Ni bei moja dunia nzima."

"Hiyo ni bei ya kuanzia, fundi."

"Hawa hawapunguzi, mzee."

Bei Tatu alimtazama kwa huruma. Alishaambiwa hivyo na wauza mabomba, wauza pampu, hata na daktari wa meno, na wote walipunguza. Tena kulikuwa na kanuni. Kununua kwa muuzaji mmoja bila kulinganisha ni kosa, na yeye hakuwa tayari kuhamia kituo kipya na doa mgongoni. Akachukua kalamu, akaandika barua ya kuomba nukuu tatu.

Mjini kulikuwa na maduka mawili tu ya kompyuta. La kwanza, lenye kiyoyozi na dada wa mapokezi, lilitoa nukuu ya laki sita. La pili liliuza pia vifuniko vya simu na sabuni za maji, nalo likatoa laki tatu na elfu ishirini. La tatu halikuwepo. Bei Tatu alizunguka wiki nzima kulitafuta, na mwishowe akaingia kwa muuza magodoro, ambaye angalau alikuwa na muhuri. Muuza magodoro hakuwa mtu wa kumwangusha mteja. Akaandika: mfumo endeshi mmoja, futi tano kwa sita, rangi ya kijivu, laki saba, dhamana miaka mitano usipolowa.

"Nukuu tatu," Bei Tatu alimwambia mkewe jioni ile kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuvuka mto.

"Na maombi umetuma?"

"Yanakuja. Kwanza kamati."

"Mimi nimenunua kiti cha nne cha mezani," alisema mkewe. "Vilikuwa vitatu, nikaona utakula umesimama."

"Kiti bei gani?"

"Bei niliyotajiwa."

Bei Tatu alifumba macho. Alitaka kusema neno, akalimeza, kwa kuwa sauti ya mkewe ilikuwa na furaha na hakupenda kuichafua.

Kamati ya manunuzi ilikuwa na watu watatu: mhasibu, mtunza stoo na mhandisi wa pampu. Walikaa Jumatano. Nukuu ya godoro ilipita bila swali, maana ilikuwa na muhuri mzuri kuliko zote. Mhasibu ndiye aliyekwama. Fomu ilikuwa na sehemu ya kipimo, na sehemu hiyo ilikuwa wazi.

"Mfumo endeshi ni kitu kimoja," alisema Bei Tatu.

"Kimoja nini?" aliuliza mhasibu. "Pisi? Katoni? Lita? Mimi siwezi kusaini kitu kisicho na kipimo."

"Unaonekana?" aliuliza mhandisi wa pampu.

"Hauonekani."

"Basi ni gesi," alisema mhandisi, "na gesi hupimwa kwa kilo."

Walibishana mpaka saa ya kutoka. Wakakaa tena Jumatatu iliyofuata, na safari hii mtunza stoo akaokoa jahazi: iandikwe "seti", kwa sababu hajawahi kuona mtu akikataa seti. Maduka yote matatu yakarudishiwa nukuu ili yaandike upya neno hilo moja, na muuza magodoro akasafiri kwenda msibani, na duka lake likafungwa siku nne. Fundi kompyuta alipokuja Ijumaa alikuta kioo bado cheusi, katibu muhtasi anasuka kikapu.

"Mzee," alisema, "si una haja yako binafsi na mashine hii? Lipa laki nne mwenyewe leo, utume, uende kwa mkeo. Ofisi itajijua."

"Nilipe bei kamili kwa pesa yangu, wakati kesho nukuu inarudi?"

"Zimebaki siku ngapi?"

"Saba."

Fundi alimwangalia sana. Akachukua mkoba wake akaondoka, na Bei Tatu akajiona ameshinda.

Jumatano nukuu zote zilikuwa zimerudi. Duka la sabuni likawa la chini. Bei Tatu akaenda mwenyewe, akakaa kwenye kreti la sabuni toka asubuhi hadi adhuhuri, na muuzaji akashuka kutoka laki tatu na ishirini hadi laki mbili na nusu. Bei Tatu akasaini, akaipigia saini yake mstari. Alikuwa amewashinda watengenezaji wenyewe, wale wasiopunguza dunia nzima, kwa laki moja na nusu. Njiani alimpigia mkewe simu kumweleza, na mkewe akasema, "Sawa, na maombi?" Akamjibu kuwa fundi anakuja keshokutwa, Ijumaa asubuhi, na Ijumaa ina saa nyingi.

Leseni ililetwa Alhamisi, ndani ya bahasha. Ilikuwa kadi moja ya buluu yenye utepe wa kukwangua, chini yake herufi na namba ishirini na tano. Mtunza stoo alikataa kuipokea kadi iliyofunikwa, kwa kuwa mzigo lazima ukaguliwe. Wakaikwangua. Wakazihesabu mara mbili, kila mmoja kwa kidole chake: ishirini na tano, zimetimia. Kuzinakili hawakuzinakili, maana kanuni ilikataza siri ya ofisi kuandikwa kwenye daftari la stoo. Mtunza stoo akaandika tu: mfumo endeshi, seti moja, buluu, hali nzuri.

Kilichobaki kilikuwa kuiweka kwenye faili. Kazi hiyo Bei Tatu hakumpa mtu. Aliipangusa meza, akaikunja kadi kidogo sana pembeni kupata katikati yake, kama alivyofanya na kila karatasi kwa miaka kumi na sita, akaiingiza kwenye panchi na kubonyeza. Panchi ikalia vizuri. Akaifunga kadi kwenye faili, akafunga faili kwenye kabati, akaenda kulala akiwa na amani, na usiku ule usingizi ulikuja haraka.

Ijumaa saa nne asubuhi fundi alifika. Bei Tatu alikuwa amevaa shati la sikukuu. Alifungua kabati kwa madaha, akampa kadi kwa mikono miwili.

Fundi aliisoma, akasita. Akaigeuza. Akaiinua kuelekea dirishani.

"Mzee," alisema taratibu, "hapa kuna mwanga unapita."

"Hayo ni matundu ya faili."

"Naona. Yamepita juu ya namba."

Bei Tatu aliichukua kadi. Kweli, ishirini na tatu zilikuwepo, na mahali pa mbili palikuwa na matundu mawili mazuri, ya duara, yaliyonyooka. Hakuwahi kutoboa vizuri kuliko hivyo. Akashika ukingo wa meza ya katibu muhtasi.

"Viduara," alisema. "Viko sakafuni kwangu."

Alikimbia. Sakafu ilikuwa inang'aa. Mama wa usafi alikuwa mlangoni na ndoo yake.

"Mama, viduara vya jana viko wapi? Vya buluu."

"Nimefagia, mzee, kama kila siku. Nimeshachoma na takataka nyingine."

"Umechoma?"

"Ungenunua panchi yenye kifuniko," alisema yule mama, "vingekuwa humo."

Fundi alijaribu kubahatisha. Alijaribu mara nne, kisha kompyuta ikaonya kwamba ikikosewa mara moja zaidi itajifunga siku mbili, akaondoa mikono. Bei Tatu akatoka mbio kwenda duka la sabuni, jasho likalowesha lile shati la sikukuu. Muuzaji alisikitika naye sana. Alisema kadi alizinunua kwa mtu aliyezinunua kwa mtu, namba hana, na bidhaa ikishakwanguliwa hairudi. Ungenunua kwa watengenezaji, alisema, wangeitafuta namba yako kwenye kumbukumbu zao.

Bei Tatu aliporudi ofisini ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini. Fundi alikuwa amefungua tovuti ya watengenezaji kwenye simu yake mwenyewe. Laki nne, kitufe kimoja cha kijani.

"Lipa, mzee. Muda tunao."

Bei Tatu alitoa kadi yake ya benki. Pesa ilikuwepo. Mke alikuwepo, upande wa pili wa kile kitufe, na watoto, na kiti cha nne. Alijua hayo yote, ninakuapia alijua. Lakini pembeni ya kioo aliona kisanduku kidogo kimeandikwa: je, tukusaidie?

"Ngoja kidogo," alisema. "Huyu hapa ana uso wa kuzungumzika."

Akaandika kwa kidole kimoja: habari za mchana, mimi ni mteja wa siku nyingi, bei ya mwisho ngapi. Jibu lilikuja papo hapo, la adabu. Asante kwa kuwasiliana nasi. Bei ni laki nne. Akaandika kwamba ana laki tatu mkononi. Asante kwa kuwasiliana nasi. Bei ni laki nne. Akaeleza habari za mkewe. Wakasema wanasikitika kusikia hivyo, na bei ni laki nne. Akasema basi anakwenda duka jingine, ile mbinu ambayo haikuwahi kumwangusha, akasubiri kuitwa. Hakuitwa. Alipanda hadi tatu na nusu, tatu na themanini, tatu na tisini na tisa. Mwenzake hakuchoka, hakukasirika, hakutania wala kushusha hata senti. Bei Tatu alianza kumheshimu.

"Huyu ni muuzaji," alimwambia fundi.

"Si mtu, mzee. Ni mashine inajibu. Nimekwambia tangu mwanzo hawapunguzi, na hunisikii."

Saa saba na nusu Bei Tatu alibonyeza kitufe cha kijani. Laki nne, kamili, za mfukoni mwake. Tumbo lilimuuma kama alivyotarajia. Namba zikaja, fundi akaziandika, kioo cheusi kikawa cha samawati, na katibu muhtasi akaacha kikapu chake akapiga makofi mawili.

Halafu kioo kikaandika: inasasisha mfumo, asilimia moja, tafadhali usizime kompyuta.

"Hii ni nini?"

"Imelala karibu mwezi mzima," alisema fundi. "Inajiweka sawa. Haiwezi kukatizwa."

Walikaa watatu mbele ya ile namba. Saa nane ilikuwa asilimia kumi na tisa. Saa nane na nusu ilikuwa arobaini na saba. Mkewe alipiga simu mara mbili, na mara zote mbili Bei Tatu aliiangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Saa tisa kamili ilikuwa asilimia themanini na moja. Saa tisa na dakika ishirini kompyuta iliamka, ikafungua ukurasa wa makao makuu vizuri kabisa, na kwenye ukurasa paliandikwa kwamba muda wa maombi ya uhamisho umekwisha.

Dakika ishirini. Kwenye kile kisanduku alikaa dakika hamsini. Bei Tatu aliipiga hesabu hiyo mara moja, na hakuna aliyelazimika kumsaidia. Akaweka uso kwenye viganja, akalia, na wale wanawake wawili wakatazama pembeni ili wasimwongezee aibu.

Jioni alimweleza mkewe yote, hata kisanduku. Hakuficha.

"Walikupunguzia?" aliuliza mkewe alipomaliza.

"Hapana."

"Haya," alisema mkewe. "Usiku mwema, baba watoto." Alikata simu bila kumpa watoto awasalimie.

Lakini kwenye karatasi, ndugu yangu, mambo yalikuwa safi. Laki nne za Bei Tatu hazikuandikwa popote. Faili lilionyesha nukuu tatu, mihuri mitatu, kadi moja ya buluu yenye matundu yaliyonyooka, na bei iliyo chini ya ile ya watengenezaji kwa laki moja na nusu. Wakaguzi walipokuja waliliomba faili hilo wakaonyeshe ofisi nyingine. Mwisho wa mwaka mkurugenzi alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wote, akampa cheti ndani ya fremu yenye kioo: mbana matumizi bora. Akaongeza kwamba mtu kama huyu, hata akiomba uhamisho, yeye mwenyewe atauzuia. Watu wakapiga makofi. Fundi kompyuta alikuwepo, maana ilikuwa Ijumaa, na yeye hakupiga.

Likizo ilipofika Bei Tatu alisafiri kwa basi saa saba nzima, cheti kikiwa magotini. Mkewe alimpokea vizuri, akamwekea maji ya kuoga, akakisoma cheti kwa sauti kuanzia juu hadi kwenye saini. Akasema fremu ni nzuri. Akasema aliyepata ile nafasi ni kijana mmoja mcheshi, amehamia nyumba ya tatu kutoka hapo, na mkewe na watoto. Bei Tatu alikula akiwa amekaa kwenye kiti cha nne. Kilikuwa kiti imara, na hakuuliza tena bei yake.

Siku kumi zilikwisha. Asubuhi ya kuondoka alikuwa mlangoni na begi begani wakati binti yake mdogo alipoiokota ile fremu kwenye kochi.

"Mama, hii ya baba tuiweke wapi?"

"Iweke kwenye kiti chake," alisema mkewe, akaendelea kufuta meza.

Mtoto akaiegemeza pale, akaisogeza kidogo ili inyooke, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe kunywa chai. Bei Tatu aliwaaga, akaenda kituoni. Kondakta alimtajia nauli ya kumkomoa, karibu mara mbili ya ile ya kuja, akasubiri abishe. Bei Tatu alihesabu pesa, akampa yote, akaenda kukaa dirishani.